Mtumba na Maktaba: Kupanga Maudhui ya Kozi za Mtandaoni kwa Mfano wa Njia ya Misafara ya Tabora

Mhadhara huu unahusu swali moja la ufundishaji kwa njia ya mtandao: maudhui yaliyoandaliwa kwa ajili ya kozi moja yapangwe vipi ili yatumike tena katika kozi nyingine bila kupotoshwa? Mfano unaotumiwa ni Tabora na njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Mwaka 2006 njia hiyo iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwakilishwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Njia hiyo ndiyo inayotoa istilahi ya kuanzia. Katika karne ya 19, mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa kwa kipimo cha kubebwa na pagazi mmoja. Mali ya tajiri haikusafiri ikiwa rundo, iligawanywa. Pagazi alipougua au kutoroka, mtumba wake uliweza kubebwa na mwingine. Leo neno hilohilo, hususan katika wingi, hutaja nguo zilizokwisha kuvaliwa zikapata mvaaji mwingine. Maana hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatoa hoja ya msingi: maudhui hutumika tena vizuri pale yalipofungwa tangu mwanzo kwa kipimo kinachobebeka.

Uchukuliwe mfano mmoja. David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake wa safari, wakiwamo Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kupitia Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kisa hiki chaweza kufundishwa katika historia, katika sarufi ya Kiswahili kama zoezi la usimulizi kwa viambishi -ka- na -ki-, na katika mafunzo ya waongoza watalii. Lakini mtungaji wa kozi ya historia akiandika "kama ilivyoelezwa katika somo la tatu", kisha akaunganisha kisa, ramani na maswali katika ukurasa mmoja, mwalimu wa sarufi hataweza kukichukua kama kilivyo. Atakinakili na kukirekebisha. Mwalimu wa utalii atafanya vivyo hivyo. Kosa likigunduliwa, litasahihishwa katika nakala moja na kubaki katika mbili.

Hivyo basi, mpango wa maktaba unahitaji mambo manne. Kwanza, kila kipande kibebe wazo moja linalojitosheleza. Maneno ya kuunganisha masomo yabaki katika kozi yenyewe. Pili, kila kipande kiwe na kadi ya maelezo. Burton na Speke, waliofika mwaka 1857, waliuita mji huo Kazeh. Maandishi mengine ya zama hizo hutaja Unyanyembe. Bila jina moja kuu linaloelekezewa na majina mengine, mwanafunzi anayetafuta "Tabora" hatayapata maandishi hayo. Tatu, chanzo na haki vibainishwe. Tawasifu ya Tippu Tip ilichapishwa na Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley ya miaka ya 1950 ni kazi nyingine yenye haki zake. Nne, kipande kitunzwe mahali pamoja na kozi zikirejelee, ili sahihisho moja lifike kote.

Hata hivyo, mpangilio huo una hatari yake. Mathalani, baadhi ya maelezo mepesi huwachanganya mapagazi na watumwa. Ni kweli kwamba misafara ilisafirisha mateka, na kwamba watumwa pia walibebeshwa mizigo. Lakini Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, waliopatana malipo kabla ya safari na waliojua thamani ya kazi yao. Kipande kinachowafanya wote kuwa watumwa kikiingia maktabani, kosa hilo litafundishwa katika historia, katika sarufi na mbele ya wageni wa Kwihara kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo, maktaba inayoanza na Stanley peke yake itazifanya kozi zote ziione Tabora kwa macho ya Stanley. Kumwongeza Tippu Tip ni hatua, lakini naye alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Sauti yake si sauti ya aliyebeba mzigo.

Kwa sababu hiyo, swali la nani anakagua kipande kabla hakijaingia lina uzito kuliko swali la programu ya kutumia. Ukaguzi huo umhitaji mwanahistoria pamoja na mwanaisimu, na kadi ioneshe tarehe ya sahihisho la mwisho.

Si kila kitu kinachofaa kuhifadhiwa. Mjadala wa darasa, zoezi linalotokana na mtaa wa wanafunzi na utangulizi wa mwalimu ni mambo ya kozi husika. Msafara ulikuwa na mitumba, lakini ulikuwa pia na kirangozi aliyejua njia ya siku ile. Maktaba iliyopangwa vema humpunguzia mwalimu kazi ya kufunga mizigo upya kila muhula. Kazi ya kuongoza inabaki kuwa yake.