Doria ya Miguu na Swali la Ofisa Baada ya Zamu



Nianze na jambo ambalo ninyi, maofisa watarajiwa, mnalijua ila hamlisemi mbele ya wakubwa: doria ya miguu haina heshima. Difenda ikiwashwa kituoni kila mtu anataka apande, na anayeambiwa atembee huanza kujiuliza amemkosea nani. Hayo hayako kwetu tu. Hata Marekani, askari aliyeteremshwa kwenye gari akapewa lindo la kutembea alihesabika kuwa ameadhibiwa. Hoja yangu leo ni kwamba doria hii hufaulu au hufa mikononi mwa ofisa aliyeipanga, na unaweza kujua itakuwaje kwa kusikiliza swali analomuuliza askari akirudi zamu.

Polisi wa London walipoingia mitaani Septemba 29, 1829, wakati Robert Peel akiwa waziri wa mambo ya ndani, walikuwa watu wa kutembea. Konstebo alikuwa na lindo lake, na namba kwenye kola ili raia aweze kumtambua na kumlalamikia, na sajenti aliyezunguka kumkuta mahali walipopangiana. Mtazameni vizuri huyo sajenti. Aliyetembea alikuwa na kiongozi anayetembea. Karne ya 20 ikaleta gari, redio na simu za dharura. Askari akapanda, na msimamizi wake akabaki sauti ya redioni.

Gari lenyewe lilipopimwa halikutoa majibu mazuri. Huko Kansas City, Marekani, mwaka 1972 na 1973, doria za magari ziliongezwa katika baadhi ya maeneo na kuondolewa katika mengine, uhalifu usionyeshe tofauti ya maana. Muda mfupi baadaye mji wa Newark, jimbo la New Jersey, ukapima doria ya miguu: wakazi walijiona salama zaidi, lakini takwimu za uhalifu hazikusogea sana. Kwa miaka mingi wataalamu wakaamini kwamba miguu huondoa hofu, uhalifu ukabaki palepale.

Philadelphia ndiko nataka tukae. Mwaka 2009, chini ya Kamishna Charles Ramsey, jeshi la polisi la mji huo lilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Temple wakiongozwa na Jerry Ratcliffe, ambaye naye aliwahi kuwa polisi London. Walichagua sehemu ndogo 120 zenye vurugu nyingi kuliko nyingine. Kwa bahati nasibu, 60 zikapewa doria ya miguu na 60 zikaachwa na utaratibu wa kawaida. Waliotumwa walikuwa askari zaidi ya 200 waliotoka chuoni karibuni, wawiliwawili, siku tano kwa wiki, zamu mbili hadi saa nane usiku. Baada ya wiki 12, uhalifu wa nguvu ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganisha na sehemu zilizoachwa. Matukio 90 yalizuiwa. 37 yakahamia jirani. Faida halisi ikawa 53.

Mhadhiri mvivu angeishia hapo mkapiga makofi. Lakini katika sehemu zilizopewa doria, kusimamishwa kwa watu waendao kwa miguu kuliongezeka kwa asilimia 64, na ukamataji kwa asilimia 13. Askari walipoondolewa, nafuu ile haikudumu. Tena baadhi yao walikuwa wakitoka nje ya mipaka ya lindo, wengine kwa sababu walichoshwa na kuzunguka mitaa ileile. Mwaka uliofuata, katika jaribio jingine mjini humohumo, doria ya miguu haikuleta tofauti kubwa. Waliofanya vizuri ni askari waliofuatilia wahalifu sugu kwa kutumia taarifa za kiintelijensia. Kwa hiyo kutembea peke yake si dawa. Aliyetumwa bila kuambiwa atafute nini, atachoka. Na aliyechoka akijua atapimwa kwa idadi, atasimamisha watu.

Hapo ndipo ofisa anapoingia. Ukimpokea askari kwa kuuliza, "Umekamata wangapi?" kesho atakuletea vijana wanne wa kijiwe cha bodaboda waliokosa la kujitetea. Kijiwe hicho hakitakupa taarifa tena hata nyumba ya jirani ikivunjwa mchana kweupe.

Tuchukue mahali mnapopafahamu: Kariakoo, Mtaa wa Kongo, saa kumi na moja jioni. Kutoka kwenye difenda utaona umati tu. Kwa miguu utaona taa ya nguzo iliyokufa. Utaona meza zimesogezwa mpaka mpita njia mwenye mkoba anabanwa palepale vibaka wanapopapenda. Utaona kijana anayejitolea kubeba mzigo wa kila mtu ilhali hakuna anayemfahamu, na utaona jinsi wauzaji wanavyonyamaza akipita. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofunguliwa jalada. Askari atayaleta kituoni ikiwa tu ameulizwa, "Mtaani kuna nini kipya?"

Akishayaleta, kazi inakuwa yako. Taa ni ya kupelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na meza ni za kuzungumzwa na viongozi wa wamachinga kabla mgambo hawajatumwa. Askari akitaja taa ileile mara tatu na taa ikabaki giza, hatataja ya nne. Nimeona doria nyingi zikifa kwa njia hii. Si kwa uvivu wa konstebo, bali kwa ofisa asiyejibu.

Sasa niseme lile ambalo mada nyingi za polisi jamii hulikwepa. Ukaribu una bei. Askari anayetembea anakaribishwa: sahani ya wali kwa mama lishe, soda dukani, "chai ya afande" kutoka kwa mtu ambaye mzigo wake haupaswi kukaguliwa. Sahani inaonekana ndogo, na kuikataa kwa ukali ni kumdhalilisha mama wa watu. Ushauri wangu ni mfupi: kula, na ulipe bei anayolipa mteja mwingine, mbele ya askari wako. Amri ya maandishi dhidi ya rushwa haitafundisha kama noti yako ya elfu tano ikirudishiwa chenji. Lakini ofisa asiyefika kwa mama lishe hawezi kuonyesha hilo, na hatajua nani anakula bure kila siku.

Liko pia suala la uhamisho. Askari akikaa lindo moja mwaka mzima anajua mlango upi hufunguliwa usiku wa manane na mzee yupi akisema jambo usilipuuze. Siku ya kuhama anakabidhi redio, pingu na kirungu, na maarifa yote anaondoka nayo. Falsafa ya polisi jamii iliyosukumwa kwa nguvu enzi za IGP Said Mwema, na hata mpango wa kumpeleka mkaguzi katika kata, haiwezi kushika mizizi kwa makabidhiano ya vifaa pekee. Anayeingia atembee lindo zima na anayetoka, atambulishwe kwa majina, angalau kwa zamu kadhaa. Mkuu wa kituo atalalamika kwamba hana watu. Ni kweli hana. Hata hivyo, kuanza upya kila uhamisho kunamgharimu watu wengi zaidi.

Mkipewa kikosi chenu cha kwanza, msisubiri waraka kutoka makao makuu. Jipangieni zamu ya kutembea na askari wenu kila wiki, tena mojawapo iwe ya usiku. Kabla hawajatoka waambieni watafute nini na wapi. Wakirudi, ulizeni habari za mtaa kwanza, za watuhumiwa baadaye. Wakufunzi nao nawaomba waingize swali hilo katika tathmini ya mazoezi ya vitendo, na mjadala wetu uanzie hapo.