Kuku Aliyejeruhiwa: Ni Halali, na Ni Salama?

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wengi wetu twafuga kuku majumbani. Mara mbwa humng'ata mmoja, mara mwewe humparura, mara baiskeli humkanyaga. Mwenye nyumba husimama na kisu mkononi, watoto wakimtazama, naye hajui: achinje ale, au atupe? Katika nyumba ipatayo kitoweo kwa nadra, hilo si swali dogo.

Katika aya ya 168 ya Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tule kilicho halali, tena kizuri. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina mtihani wake.

La kwanza ni uhalali. Aya ya 3 ya Suratul Maida imeharimisha mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, kwa kupigwa, kwa kuanguka au kwa kuraruliwa na mnyama mkali, isipokuwa yule tuliyemdiriki tukamchinja. Katika zama za Mtume (S.A.W.), kijakazi aliyekuwa akichunga mifugo ya Kaab bin Malik karibu na mlima Sal'i alimwona mnyama mmoja yu karibu kufa, akavunja jiwe, akamchinja nalo. Mtume alipoulizwa, aliruhusu aliwe. Basi kuku akiwa bado atazama, alia na kujisogeza kwa hiari yake, mchinje upesi kwa kisu kikali. Damu ikiruka na mwili ukatikisika kwa nguvu, hiyo ni dalili ya uhai. Ukimkuta amekwisha kufa, huyo ni mzoga, hata akiwa na joto.

La pili ni usalama. Jeraha bichi la leo haliharibu nyama yote: kata palipovilia damu au palipochafuka, utupe, na iliyobaki uipike mpaka iive hata mfupani. Palipopondeka hugeuka kijani baada ya siku moja au mbili. Rangi hiyo peke yake si uvundo, lakini kipande hicho nacho huondolewa. Ama jeraha likiwa na usaha au harufu mbaya, na kuku amezubaa, hali wala hanywi, nyama yake usiile. Aliyepewa dawa asiliwe mpaka zitimie siku zilizoandikwa juu ya chupa. Na kuku wakifa mfululizo, usiwachinje wagonjwa ukidhani waokoa kitoweo. Mwite bwana mifugo.

Wala usimwuzie jirani kile ulichoogopa kumlisha mwanao. Mtume alitia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa; akamlaumu mwuzaji kwa kuuficha unyevu ule, na akamtenga mdanganyifu na umati wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, penye shaka, acheni. Hasara ya kuku mmoja husahauliwa. Mwana aliyedhurika na chakula cha mkono wako hasahauliki. Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kizuri. Amin.