Tangazo Lisilosomeka: Mitandao ya Kijamii na Watu Wenye Ulemavu



Si ada ya mhadhiri kuutoa mhadhara wake mbali na ukumbi wa chuo. Lakini hoja niliyonayo, kwamba kinachowatenga zaidi watu wenye ulemavu na mitandao ya kijamii ni desturi zetu sisi tunaotuma habari kuliko upungufu wa mitambo, ina ushahidi tele katika kata kama hii ya Machochwe, iliyo jirani na Hifadhi ya Serengeti, ambako habari ya tembo walioingia mashambani, au ya ng'ombe waliopotea, au ya mkutano wa kijiji, aghalabu huenea kwa simu kabla mjumbe hajafunga safari.

Tuchukue tangazo la mkutano. Mtendaji ameliandika, amelipiga mhuri, amelibandika ubaoni. Kijana mmoja akalipiga picha na kulirusha katika kundi la WhatsApp, na kwa mwenye macho kazi ikawa imekwisha. Lakini mtu asiyeona, ambaye simu yake ina programu ya kumsomea skrini kwa sauti, kama TalkBack ya Android au VoiceOver ya iPhone, zilizopo zote mbili tangu 2009, akipitisha kidole juu ya tangazo lile huambiwa jina la aliyelituma, na saa, na kwamba hapo pana picha. Siku ya mkutano, mahali pake na ajenda yake mara nyingi hasomewi. Na kama sauti ya simu haikuwekwa kwa Kiswahili, hata maneno yaliyoandikwa kwa uangalifu husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, mpaka hata neno 'Jumamosi' lisitambulikane.

Makampuni hayakukaa kimya kabisa. Mwaka 2016 Facebook ilianza kuzieleza picha kwa kutumia mashine, kwanza kwa Kiingereza na katika iPhone, na mwaka huo huo Twitter ikamruhusu mtumaji aandike mwenyewe maelezo ya picha yake. Hata hivyo, Twitter hiyo hiyo ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2020, iliuleta bila maandishi kwa viziwi, nayo yakaja baada ya malalamiko. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo tabia ya wafanyabiashara hawa, kujenga nyumba kwanza na kuutafuta mlango baadaye. Mashine, kwa upande wake, hukisia: itasema pana watu na miti, isiseme kwamba wamekusanyika kwa shauri la malisho.

Watakuwapo wa kusema, basi na tutumie sauti. Ujumbe wa sauti ni neema kubwa, kwa kuwa mzee asiyejua kuandika husema Kikurya chake kwa raha, na asiyeona husikia kila neno. Lakini ujumbe uo huo humwacha kiziwi akitazama vistari vya mawimbi, asijue kama ni msiba, harusi au tembo. Wala maandishi hayamtoshi kila kiziwi, maana wapo waliokosa shule, na wapo ambao lugha yao hasa ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo kuipitisha mtandaoni kwataka video. Na video, kama kila mnunuzi wa bando ajuavyo, ni ghali.

Sheria haikosekani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, huitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9, na Bunge letu likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Lakini sheria haiandiki maneno chini ya picha.

Kwa upande wa sauti, Google iliiwezesha simu kuandika Kiswahili kinachosemwa tangu 2017. Lakini ujumbe wa Kikurya, kuuandika bado ni kazi ya mwanadamu. Kwa hiyo naiomba serikali ya kijiji imteue mtu katika kila kundi, ambaye tangazo likija kwa picha ataliandika lote kwa maneno, na likija kwa sauti ataandika muhtasari wake, na viziwi wa kijiji waulizwe wenyewe nani awafikishie habari kwa ishara, na kwa saa gani.