Dereva Mgeni Mikononi mwa Polisi
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani wa skuli yetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya ugenini. Nimechagua jambo moja: dereva wetu anapopata ajali katika nchi ya watu. Wengi wetu hapa Pemba tuna jamaa Maskati au Dubai, na wako ambao riziki yao ni usukani.

Kule gari hupita mkono wa kulia. Sisi hupita kushoto. Ajali ikijeruhi au kuua, dereva aweza kuwekwa ndani wakati polisi wanachunguza. Mgeni hubanwa zaidi kwa kuwa hana nyumba wala jamaa wa kumdhamini, na huchelewa asije akapanda ndege. Pasi yake yaweza kuzuiwa hadi kesi iishe.

Basi afanyeje? Asikimbie. Oman apige simu 9999, Dubai 999. Aseme kweli. Asitie sahihi karatasi asiyoweza kuisoma; aombe mkalimani. Tena aombe ubalozi wetu uarifiwe. Hiyo si hisani. Ni haki iliyomo katika kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Afisa wa ubalozi hawezi kumfungulia mlango, lakini aweza kwenda kumwona na kusaidia apate wakili.

Sasa nasema na wazazi. Huko Oman, tangu mwaka 2008, dia kamili ya aliyekufa kwa ajali ni riyali 15,000. Habari kama hiyo ikifika Wete au Konde, la kwanza linalotujia ni kuuza mikarafuu. Ngojeni! Ulizeni kwanza bima ya gari, maana kazi yake mojawapo ni kulipa dia. Lakini dereva akiwa hana leseni, au amelewa, kampuni ya bima yaweza kumgeukia yeye. Kwa hivyo leseni halali ndiyo mlinzi wa shamba la baba.

Mwisho, vijana. Baadhi yenu mtavaa sare za polisi. Mkataba ule unaifunga Tanzania pia. Mgeni akigonga mtu hapa Chake Chake, msimwachie umati ampige. Mpeni mkalimani, muarifuni balozi wake akitaka, kisha sheria ifuate njia yake. Tunavyotaka wetu watendewe Maskati, ndivyo tuwatendee wa wenzetu.