Ng'ombe wa Mpwapwa: Umbo Nalo Hurithiwa

Msikilizaji, ng'ombe wa Mpwapwa ni aina iliyoundwa mkoani Dodoma itoe maziwa na nyama pamoja, kwa kuchanganya damu ya Sahiwal, Red Sindhi, zebu wetu na wengineo. Tukimtazama, macho hukimbilia ndoo na mizani. Lakini umbo nalo lina uzito wake. Kiwele kinachoning'inia hukwaruzwa na miiba. Kwato mbovu haziwezi safari ndefu ya malisho na maji.

Sifa hizi hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, pamoja na malezi. Kimo hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Ubora wa miguu kwa kiasi kidogo, hivyo kuuboresha huchukua vizazi zaidi. Dume hutoa nusu ya jeni za kila ndama, ila yeye mwenyewe kiwele hana. Tutamjua kwa mama yake, dada zake na, zaidi ya wote, binti zake.

Basi vituo vya mifugo vipime maumbo na kutunza kumbukumbu. Nawe mfugaji, kabla ya kununua mbegu za dume, uliza: binti za dume huyu wakoje? Chaguo la leo litakaa zizini miaka mingi.