Reli ya Kushikia na Kingo Katika Majengo ya Mteremkoni

Mada kwa semina ya mafundi ujenzi, Mtabila, Kasulu



Kingo tunaziwaza pale tu tunapojenga ghorofa. Huku nyanda za juu za Kigoma hatari kubwa iko kwenye jengo la chini. Jenga madarasa mteremkoni, Kasulu au Kibondo: upande wa mlimani msingi unatoka kozi mbili, upande wa bondeni unatoka saba au nane. Baraza inabaki juu ya ardhi kwa mita moja na zaidi, na watoto wanakimbizana hapo saa ya mapumziko. Mtabila ilipokuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2012, vijumba vya udongo havikutuletea swali hili. Msingi mrefu wa mawe na zege ndio umelileta.

Reli ya kushikia ni ya mtu anayepanda, anayeshuka au anayeyumba. Lazima kiganja kiizunguke. Kanuni za Marekani zinataka bomba la duara liwe na unene wa milimita 32 hadi 51, likae sentimita 86 hadi 96 juu ya ncha za vipandio, na liache nafasi ya karibu sentimita 4 kutoka ukutani. Hapa ndipo tunapokosea dukani. Bomba la maji la inchi mbili, ukilipima kwa nje, lina milimita 60. Mkono wa bibi hauliwezi. La inchi moja na nusu lina 48, linatosha kabisa.

Kingo ni ya mtu asiyeshika chochote: anayerudi kinyumenyume akicheka, anayesukumwa na wenzake. Kwa kanuni hizo hizo za Marekani, inahitajika pale kimo cha kuanguka kinapozidi sentimita 76. Iwe na urefu wa sentimita 107 (Uingereza wanataka 110 kwenye roshani), ihimili msukumo wa kama kilo 90 popote juu yake, na mpira wa sentimita 10 usipite katikati. Nondo zisimame wima. Ukizilaza umewajengea watoto ngazi, hata kama mteja anadai zinapendeza.

Kwa hiyo bomba moja la kiunoni ukingoni mwa baraza si kingo, maana mtoto anapita chini yake. Na ukuta mnene wa tofali kando ya ngazi ni kingo nzuri, ila hauna pa kushika. Ngazi iliyo wazi pembeni inataka vyote viwili: kingo, na reli iliyofungwa kwa ndani, chini kidogo.

Zahanati zina njia za mteremko za viti vya magurudumu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hapo reli iwekwe pande zote mbili, ipitilize mwisho wa mteremko kwa sentimita 30.

Ombi langu kwa wanaoandaa makadirio: reli na kingo viandikwe mistari miwili, kila kimoja na mita zake. Vikiwa mstari mmoja, fedha ikipungua kitakachokatwa ni kingo ya upande wa bondeni.