Hesabu ya Figo: Kabla ya Kuchangisha, Kabla ya Kulipa

Mazungumzo kwa wananchi wa Korogwe na Handeni



Kabla hatujaanza, mama mmoja aliyewahi kufika kutoka Kwamatuku alitusogelea akasema: “Wanangu, nyie ndio wenye kujua mambo haya. Kijana wangu figo zake zote mbili zimeshindwa. Ukoo umekubali kuchanga, na dada yake amekubali kumpa figo moja. Je, fedha za upasuaji zikitimia, shida yetu itakuwa imekwisha?” Tulimwomba akae mbele, kwa kuwa jibu la swali lake ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Kazi ya taasisi za udhibiti kama yetu si kutibu. Kazi yetu ni kumlinda mtumiaji wa huduma, ili anacholipia akijue kabla ya kukilipia. Mgonjwa wa figo na jamaa zake ni watumiaji wa huduma kama wengine, isipokuwa wao hununua wakiwa na hofu, na mwenye hofu huuliza maswali machache. Tumekuja ili maswali hayo tuyaulize pamoja.

Mashine inafanya nini

Figo huchuja damu, hutoa maji na taka kwa njia ya mkojo, husawazisha chumvi mwilini na husaidia mwili kutengeneza damu. Zinaposhindwa kabisa, mgonjwa huvimba, hukosa pumzi, hutapika, na asipotibiwa hufariki. Sababu kubwa za figo kushindwa ni shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayoweza kuzila figo kwa miaka mingi pasipo maumivu yoyote. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za kutuliza maumivu, kama diklofenaki inayonunuliwa dukani bila ushauri, nayo huzidhuru.

Mtu akifikia hatua hiyo, damu yake huweza kusafishwa kwa mashine. Kwa kawaida husafishwa mara tatu kwa wiki, na kila mara huchukua takriban saa nne. Mashine hufanya sehemu ya kazi ya figo, haiziponyi. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimiwa hata maji ya kunywa, na huelekezwa kupunguza vyakula ambavyo sisi wa mkoa huu tunavihesabu kuwa ni afya tupu: machungwa, ndizi, maji ya madafu. Vyakula hivyo vina madini ya potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu moyo huweza kusimama ghafla. Jamaa anayempelekea mgonjwa kikapu cha machungwa kwa mapenzi mema na aulize kwanza.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue mfano wa kituo kinachotoza shilingi 200,000 kwa kila usafishaji. Bei halisi hutofautiana, nanyi muiulize kwa maandishi. Mara tatu kwa wiki ni shilingi 600,000. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 31,200,000. Bado hatujataja nauli. Mtu wa Handeni aliyepangiwa kituo mjini Tanga husafiri kilomita 65 hadi Korogwe, kisha karibu kilomita 90 nyingine. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 300, na kwa wiki ni 900. Hayo ni mwili dhaifu ndani ya basi, pamoja na mtu wa kumsindikiza ambaye siku hizo tatu hafanyi kazi yake.

Ndiyo maana wengi hutamani kupandikizwa figo, na kutamani huko kuna sababu. Anayepata figo nzuri huachana na mashine, hurudi kazini, hunywa maji kwa kiu yake.

Upandikizaji upo nchini

Zamani mgonjwa wetu alilazimika kwenda nje, hasa India. Mwezi Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, ikishirikiana na madaktari kutoka India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyopo Dodoma ikaanza nayo, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani. Kwa hiyo anayewaambia kwamba njia pekee ni kusafiri nje, tena kupitia kwake, mwombeni awape barua ya daktari bingwa inayosema hivyo.

Katika huduma hizo mtoaji huwa mtu hai, ndugu wa mgonjwa. Hupimwa kundi la damu, ulinganifu wa mwili wake na wa mgonjwa, na afya yake yote, kwani figo moja inatosha kwa maisha ya mtu mwenye afya njema pekee. Akikutwa na shinikizo la damu au kisukari huweza kukataliwa, na kukataliwa huko ni kumhurumia. Mtoaji lazima akubali kwa hiari yake. Ukoo usimkalishe binti kikao akaitikia kwa aibu ya kuonekana hampendi kaka yake. Anayo haki ya kuzungumza na daktari peke yake, na anayo haki ya kubadili nia hata siku ya mwisho.

Hesabu ya siku ya pili

Hapa ndipo penye jibu la mama yetu. Upasuaji ni siku moja. Figo mpya ni ya kutunzwa maisha yote. Mwili huitambua figo hiyo kuwa mgeni na hutaka kuifukuza. Kinachouzuia ni dawa, na dawa hizo humezwa kila siku, kwa saa zilizopangwa, muda wote figo inapofanya kazi. Akiziacha kwa kuwa fedha zimekwisha, au kwa kuwa anajiona amepona, mwili huishambulia figo na huweza kuiharibu kabisa. Hapo mgonjwa hurudi kwenye mashine, na dada aliyejitolea hubaki na figo moja, na sadaka yake imepotea.

Tuseme kuna fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimchangia. Fedha zilitimia kwa upasuaji, zikatumika zote, watu wakashangilia. Miezi mitatu baadaye fedha za dawa hazikupatikana, na waliochanga walikwisha kuona wamemaliza wajibu wao. Hakuna aliyekosa moyo hapo. Kilichokosekana ni hesabu kamili ya tangu mwanzo.

Kwa hiyo kabla ya kuanza kuchangisha, iombeni hospitali makadirio ya maandishi yenye mafungu manne: vipimo vya mgonjwa na vya mtoaji, upasuaji na kulazwa, makazi na nauli karibu na hospitali katika majuma ya kwanza, ambapo kliniki huwa za mara kwa mara, na dawa pamoja na vipimo vya walau mwaka wa kwanza. Fungu la nne lisipojulikana litatoka wapi, msikimbilie tarehe ya upasuaji.

Dawa zenyewe zinunuliwe katika famasi iliyosajiliwa, kwa stakabadhi. Msibadilishe aina bila daktari, hata kama muuzaji anasema ni ile ile. Dawa za miti shamba, baadhi ya dawa za hospitali za maradhi mengine, na hata tunda la balungi huweza kupandisha au kushusha nguvu ya dawa hizi. Mkitilia shaka dawa yoyote, ripotini kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Maswali ya kuiuliza bima

Bima ni mkataba, na mkataba husomwa kabla ya kusainiwa. Ulizeni: Je, inalipia usafishaji damu, na mara ngapi kwa wiki? Kuna ukomo wa fedha kwa mwaka? Kuna kipindi cha kusubiri? Inalipia upandikizaji? Inalipia vipimo na matibabu ya mtoaji? Na baada ya hapo, inalipia dawa za kila siku, zipi, kwa muda gani? Takeni majibu kwa maandishi. Msifiche ugonjwa mnapojaza fomu, kwa maana kuficha humpa mwenye bima sababu ya kukataa kulipa siku mnapomhitaji. Mkidhulumiwa na kampuni ya bima, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Asiye na bima wala uwezo asikae nyumbani kwa aibu. Katika hospitali za umma yupo afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kuisikiliza hali yenu na kuwaeleza utaratibu wa msamaha wa gharama. Nendeni na barua ya serikali ya kijiji au mtaa.

Mchango wenye uwazi

Kuchangiana ni desturi yetu njema, na wajanja wanaijua. Huchukua picha ya mgonjwa wa kweli wakaweka namba yao ya simu. Kabla ya kutuma, mpigieni ndugu mnayemfahamu au mwenyekiti wa mtaa wake. Ujumbe wa kitapeli upelekeni kwenda namba 15040.

Kwa familia inayochangisha, chagueni watu watatu, mmoja wao asiwe wa ukoo: msikiti, kanisa au kikundi chenu cha kukopeshana kitampata. Fedha ziwekwe katika akaunti inayohitaji saini zaidi ya moja. Kila mwezi someni hadharani kilichoingia na kilichotoka. Malipo ya hospitali ya umma yafanyike kwa kontroo namba, wala yasipitie mkononi mwa mtu yeyote, hata akiwa amevaa koti jeupe. Zaidi ya yote, waambieni wachangiaji mapema kwamba dawa ni za kila mwezi. Mwenye shilingi 2,000 kila mwezi kwa miaka mitano humfaa mgonjwa huyu kuliko mwenye 50,000 ya mara moja.

Wauza figo na wauza miujiza

Atakuja mtu kuwaambia anaweza kuwapatia figo ya kununua. Mkataeni. Sheria yetu ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inahusu pia kumrubuni au kumsafirisha mtu ili kuondoa au kuuza viungo vyake. Mwezi Aprili 2025, serikali ya jirani zetu wa Kenya ilisimamisha huduma za upandikizaji figo katika hospitali moja ya mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya figo. Vijana, nanyi mkiahidiwa mamilioni kwa figo yenu, kumbukeni kwamba dalali hatakuwapo siku figo iliyobaki itakapougua.

Atakuja na mwingine mwenye chupa ya dawa ya kuamsha figo zilizokufa. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na ina Baraza lake. Ulizeni usajili wa mganga na wa dawa. Na hata ukiwapo, mgonjwa asiache mashine kwa sababu ya chupa.

Jibu kwa mama

Mama yetu, fedha za upasuaji zikitimia, shida haitakuwa imekwisha. Itakuwa imebadilika sura. Kijana wako ataweza kurudi kazini, naye atameza dawa kila siku ya maisha ya figo hiyo. Tunakuomba urudi nyumbani na mambo matatu: hesabu ya mafungu manne kutoka hospitalini, majibu ya bima kwa maandishi, na nafasi ya binti yako kuongea na daktari bila ninyi kuwapo.

Na ninyi nyote ambao hamna mgonjwa nyumbani, pimeni shinikizo la damu na sukari, na mwenye mojawapo aombe kupimwa mkojo na damu ili figo zake zijulikane. Kipimo hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote tulivyovitaja leo.

Kuuliza si ujinga.